Mkuki wa kipindupindu

Mto Mara hutoka Mau nchini Kenya, hukatiza Hifadhi ya Serengeti, hupita katika wilaya za Serengeti na Tarime, kisha humwagikia Ziwa Victoria. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 ulifika hadi mkoa wa Mara, unakopita mto huo. Tumezoea kumfikiria kimelea wake, Vibrio cholerae, akiwa tumboni mwa mgonjwa. Maisha yake ya majini hatuyaulizii sana, na huko ndiko anakojipatia jeni mpya.

Majini hujishikiza kwenye magamba ya kopepodi, vijidudu vya jamii ya kamba. Magamba hayo yana kitini. Mwaka 2005 maabara ya Gary Schoolnik, Stanford, ilionyesha kwamba kitini humwamsha bakteria huyu aanze kuokota DNA. Ila DNA inayoelea ovyo mara nyingi imekwisha kukatikakatika. Iliyo nzima imo ndani ya jirani aliye hai.

Mwaka 2015 Melanie Blokesch na wenzake, Lausanne, walionyesha anavyoifikia. Mbele ya kitini, protini TfoX huwasha mitambo miwili kwa pamoja. Wa kwanza ni mkuki: bomba la protini Hcp lenye ncha ya VgrG, ndani ya ala ya VipA na VipB. Ala hujikaza ghafla, kwa muda usiofika milisekunde 5, na mkuki ukamchoma jirani. Sumu za nchani humpasua. Ndugu wa ukoo mmoja wana protini za kinga, hivyo hawadhuriki. Kisha ClpV huibomoa ala ili vipande vyake vitumike tena. Mtambo wa pili ni unywele wa protini unaonasa DNA iliyomwagika. ComEA huivuta ndani, RecA huiunga kwenye kromosomu.

Watafiti walimweka mwindaji, yaani Vibrio cholerae mwenye mkuki, juu ya kitini pamoja na bakteria asiye na kinga, mwenye jeni ya usugu wa dawa. Mwindaji akaupata usugu. Walipoulemaza mkuki, uhamaji wa jeni ulishuka sana. Kwangu huo ndio ushahidi wenye uzito: kuua na kurithi ni kazi moja.

Hata hivyo, tusiutwike mkuki lawama yote. Sehemu kubwa ya usugu wa kipindupindu barani Afrika hubebwa na SXT, kipande cha DNA kinachohama seli mbili hai zinapoungana, bila kuua. Njia zipo zaidi ya moja, basi kila mlipuko unapozuka Mara, sampuli zipimwe upya kujua dawa zipi bado zinamuua kimelea. Majibu ya mlipuko uliopita hayatoshi.