Ujuzi wa Kutupa

Shosho yangu wa Mbeere alikuwa akipepeta ndengu mlangoni, na mtoto aliyekaa upande unakoelekea upepo aliondoka na pumba kichwani. Nilikaa huko mara nyingi. Alirusha, akapokea, akarusha tena, na kila mara kulikuwa na kitu ambacho hakikurudi kwenye uteo. Nilidhani uhodari wake ni wa kudaka. Nilikuwa mtu mzima nilipotambua kwamba uhodari ulikuwa katika kile alichokiachilia kiende.

Nimemkumbuka wiki hii, nikiwa na diski mbili za filamu moja mezani kwangu hapa Embu mjini. Filamu ni Born Free ya mwaka 1966, iliyoongozwa na James Hill, ile ya Elsa, simba jike aliyelelewa na Joy na George Adamson kisha akarudishwa porini. Huku kwetu ni kama habari ya jirani. Pori lenyewe ni la Meru: ukishuka kutoka Maua mpaka lango la Murera, umeingia katika mbuga alimozikwa Elsa. Diski ya kwanza ni DVD ya mfumo wa PAL, ambao Kenya iliutumia katika runinga kwa miaka mingi. Ya pili ni Blu-ray, niliyoletewa na jamaa yangu kutoka Uingereza. Nilizitazama moja baada ya nyingine, kisha kipande kwa kipande, nikitoa hii na kutia ile kama mtu anayeonja uji wa vibuyu viwili.

Nianze na hesabu, maana ndiyo inayouza diski. Fremu moja ya DVD ya PAL ina pikseli 720 kwa 576. Ya Blu-ray ina 1920 kwa 1080. Piga hesabu mwenyewe uone kwamba ya pili ni mara tano kamili ya ya kwanza. Wauzaji huishia hapo, na wanunuzi wengi pia. Lakini kuna hesabu nyingine isiyoandikwa kwenye kasha. Filamu hii ina urefu wa dakika 95. Ingewekwa kwenye DVD bila kubanwa, picha peke yake ingehitaji takriban gigabaiti 85, na DVD ya tabaka moja inabeba 4.7. Kwenye Blu-ray ingehitaji zaidi ya gigabaiti 400, na diski ya tabaka moja inabeba 25. Yaani kwa diski zote mbili, ile duni na ile ya kifahari, mtu fulani aliketi na magunia kumi na saba au kumi na manane, akaambiwa abakize gunia moja, na mlaji asijue.

Huyo mtu ndiye ninayemsifu. Jina lake haliandikwi kwenye kasha. Kenneth Talbot aliyeshika kamera ametajwa, na John Barry aliyetunga muziki alipewa tuzo mbili za Oscar. Aliyebana picha ametajwa wapi?

Kazi yake ni hii. Mashine huigawa picha katika viraba vidogo vidogo, kisha haihifadhi kila fremu nzima. Huhifadhi moja kamili karibu kila nusu sekunde, na katika zile za katikati huandika tu kilichobadilika. Mtu akiketi kimya mbele ya hema, ukuta wa hema haubadiliki, kwa hiyo hauandikwi tena, na nafasi imeokolewa. Taabu ni nyasi. Nyasi za nyika zikipigwa na upepo hubadilika zote kwa pamoja, kila unyasi kwa njia yake, na diski haina mahali pa kuziweka. Vumbi ni hivyo hivyo, na maji, na manyoya ya simba anayekimbia. Ukitaka kumtesa fundi wa kubana, mpe filamu ya wanyama. Fundi hodari huipitia filamu yote kwanza bila kuandika chochote, akiweka alama mahali penye dhiki. Kisha huirudia, akichukua akiba ya yale mazungumzo ya hemani na kuitumia kwenye nyasi. Asiyejali huigawia kila sekunde kiasi kile kile, kama mzee anayegawa shamba kwa kamba bila kuangalia wapi kuna mto na wapi kuna mawe. Matokeo yake tunayajua: simba akitoka mbio, pori lote hugeuka vigae.

DVD yangu haina vigae. Nimeitafuta dosari hiyo kwa makusudi nikaikosa, na kwa kweli ndiyo iliyonishangaza kuliko Blu-ray. Kwamba picha yenye nafasi kubwa ni nzuri si ajabu. Fundi wa DVD alipewa kibaba akapika cha karamu.

Hata hivyo DVD ina ila moja isiyokuwa ya fundi. Filamu za sinema hupigwa kwa fremu 24 kwa sekunde, na PAL hutaka 25. Njia ya kawaida ni kuiharakisha filamu yote kidogo. Dakika 95 zinakuwa 91, na sauti, isiporekebishwa, hupanda karibu nusu daraja ya muziki. Kwenye DVD simba wangu wananguruma kwa sauti nyembamba kidogo. Nimeishi na mngurumo huo miaka mingi bila kujua. Sasa niliposikia ule wa Blu-ray nilidhani spika imeharibika.

Mambo haya ya picha kuharibika niliyajua kabla ya kuyajua majina yake. Utotoni, siku za soko Runyenjes, tuliingia banda la video kwa shilingi tano, tukabanana kwenye mabenchi mbele ya runinga moja iliyowekwa juu kama jogoo. Kanda ilikuwa imekodishwa mara nyingi mno. Chenga zilipojaa kwenye kioo, mwenye banda alisimamisha deki, akaifungua, akapangusa kichwa chake kwa kitambaa kilichotiwa spiriti, na Schwarzenegger akarudi na uso wake. Tulimpigia makofi mwenye banda, si Schwarzenegger. Sioni neno bora kuliko hilo la chenga: kwetu ni punje zilizovunjika, takataka ya uteo, kitu cha kutupwa.

Lakini filamu ya zamani ina pia chembe, na chembe si chenga. Chembe ndizo picha yenyewe: ni alama za fedha na rangi ndani ya utepe wa filamu, na kila uso uliowahi kuonekana katika sinema kabla ya kamera za kidijitali umejengwa kwa hizo. Kwenye DVD huzioni sana, viraba vimezimeza. Kwenye Blu-ray zinatembea, na mtazamaji mgeni hulalamika kwamba kuna uchafu. Hapo ndipo fundi hujaribiwa. Filamu ya Predator, aliyoicheza huyo huyo Schwarzenegger mwaka 1987, ilitolewa kwenye Blu-ray mwaka 2008 ikiwa na chembe zake zote. Mwaka 2010 ikatolewa tena, imesafishwa. Waliisafisha mpaka ngozi ya komando ikawa nta, jasho likawa vanishi, na majani ya msituni yakawa kama yamefinyangwa kwa plastiki. Ile ya 2010 ilikuwa na pikseli zile zile, mara tano za DVD. Shosho angemnyang'anya fundi huyo uteo: amepepeta mpaka akarusha ndengu.

Aliyeishughulikia Blu-ray yangu ya Born Free hakufanya hivyo. Aliacha chembe. Kwa sababu hiyo unaona vumbi juu ya kitambaa cha gari, unaona kwamba shati la kaki limefifia mabegani tu. Nilikuwa nikiyatazama hayo stima ikapotea. Mabwawa ya umeme ya mto Tana, kuanzia Masinga hadi Kiambere, yako mlangoni mwetu, lakini tumezoea. Niliketi gizani nikasubiri, na nilipokuwa nikisubiri nikakumbuka jambo nililopaswa kulitazama tangu mwanzo.

Mwaka 1970 Pennycuick na Rudnai walichapisha njia ya kumtambua simba mmoja mmoja, baada ya kuwachunguza wa Mbuga ya Nairobi. Waliangalia mstari wa madoa ya juu, pale masharubu yanapoota, ambao hutofautiana simba kwa simba kama alama za vidole vyetu. Stima iliporudi nikasimamisha picha kila Elsa alipokaribia kamera. Kwenye DVD madoa yameyeyuka. Ni kivuli cha kahawia juu ya mdomo. Kwenye Blu-ray nyuso kadhaa zinahesabika, na hazilingani. Si siri: filamu ilitumia simba wengi, na baadhi yao, akina Boy, Girl na Ugas, George Adamson aliwapeleka kuishi Meru baada ya upigaji kwisha. Boy na Girl walikuwa vipenzi vya kikosi cha Scots Guards kabla ya kuwa waigizaji.

Kwa hiyo diski ile ndogo ilikuwa imenipa Elsa mmoja, na kubwa ikanipa majike wawili watatu wanaopokezana jina. Sikuweza kukasirikia yoyote. Fundi wa kwanza alitupa madoa kwa sababu hakuwa na pa kuyaweka, na akatupa kwa adabu. Wa pili alikuwa na nafasi akayabakiza, ingawa yanaivunja hadithi.

Elsa mwenyewe hayumo katika filamu hii, si kwenye DVD wala kwenye Blu-ray. Alikufa Januari 1961, na kaburi lake liko kando ya mto Ura.