Jina Lenye Ritifaa

Filamu zimetuzoesha sura moja ya mwandishi wa programu. Ni kijana aliyejifungia kwenye chumba cha giza, vidole vinakimbia juu ya kibodi, na kabla hujameza mate ametangaza kwamba ameshaingia kwenye mfumo wa benki. Tangu The Matrix ya mwaka 1999, mvua ya herufi za kijani imekuwa sare ya kila hadithi ya kompyuta, na kwenye vibanda umiza vyetu DJ anayetafsiri huitia chumvi zaidi. Mimi ni mpenzi wa filamu, lakini picha hiyo inaniudhi, kwa sababu inaficha sehemu iliyo nzuri kuliko zote katika kazi hii, sehemu isiyo na kasi hata kidogo.

Nayo ni kutafuta kosa. Programu iliyofanya kazi jana leo imegoma, na aliyeiandika hawezi kuibembeleza wala kuitisha. Fundi anayeijua kazi huanza kwa kusoma na kuuliza: kosa limempata nani, saa ngapi, kwenye simu ya aina gani? Hulirudia mpaka litokee mbele yake kila anapotaka, maana kosa usiloweza kulirudia huwezi kuthibitisha kwamba limekwisha. Kisha huigawa programu nusu kwa nusu, akiuliza shida iko upande upi, na upande wenye shida huugawa tena. Kwa njia hiyo mistari elfu moja humalizika kwa hatua kumi tu. Hubadili kitu kimoja kwa wakati mmoja, kama mvuvi anayekagua wavu wake jicho baada ya jicho. Ukimtazama ukiwa pembeni utadhani hafanyi kitu.

Kazi hiyo ina umri sawa na kompyuta zenyewe. Kompyuta ya EDSAC ilianza kufanya kazi Cambridge, Uingereza, mwezi Mei 1949, na Maurice Wilkes aliyeongoza ujenzi wake alikumbuka baadaye jinsi alivyotambua kuwa sehemu kubwa ya maisha yake yaliyobaki ingetumika kutafuta makosa ndani ya programu zake mwenyewe. Donald Knuth, aliyetoa juzuu ya kwanza ya The Art of Computer Programming mwaka 1968, aliweka desturi ya kumzawadia dola 2.56 msomaji wa kwanza kugundua kosa lolote kitabuni. Naiheshimu sana desturi hiyo. Bingwa wa fani amewaambia wanafunzi wake wazi kwamba anayemkosoa anamsaidia.

Nitoe mfano wa nyumbani, mahali ambapo kero ya kila siku na fumbo la kiufundi ni kitu kimoja. Mtu aitwaye Ng'ang'a anajaza fomu mtandaoni. Anaambiwa kwa maandishi mekundu kwamba jina lake lina alama zisizoruhusiwa; jina la ukoo, lililoandikwa kwenye kitambulisho chake! Au fomu inalipokea, lakini risiti inatoka imeandikwa Ng\'ang\'a, pengine hata Ng&#39;ang&#39;a. Mwisho wake anachoka na kuandika Nganga, ambalo kwa yeyote anayejua kutamka ni jina la mtu mwingine.

Chanzo chake kinapendeza ukikifuatilia. SQL, lugha iliyobuniwa katika kampuni ya IBM na Donald Chamberlin na Raymond Boyce katika miaka ya 1970, ndiyo inayotumika kuzungumza na kanzidata nyingi hadi leo. Lugha hiyo hutumia ritifaa, alama ileile iliyomo katika jina la Ng'ang'a, kuonyesha maandishi yanaanzia wapi na kuishia wapi. Programu ikilibandika jina la Ng'ang'a ovyo ndani ya amri, kanzidata husoma Ng, huona ritifaa, hudhani jina limekwisha, kisha huyachukua mabaki kuwa sehemu ya amri. Haiyaelewi, nayo fomu inakwama. Mwaka 1998 ilielezwa hadharani jinsi mwizi anavyoweza kupenyeza amri zake mwenyewe kupitia mwanya huohuo. Waliotaka njia ya mkato wakaipiga marufuku ritifaa. Lugha ya PHP nayo kwa muda mrefu ilikuwa na utaratibu wa kuchomeka alama ya mshazari mbele ya kila ritifaa, mpaka ulipoondolewa mwaka 2012. Mishazari mingi ya kwenye risiti ilitokana na tabia ya namna hiyo. Tiba ya kweli ni rahisi: amri ipelekwe peke yake na jina lipelekwe peke yake, visichanganywe kamwe.

Ukishaliponya hilo, liko jingine chini yake. Baadhi ya simu hugeuza ritifaa iliyonyooka kuwa iliyopinda bila kumuuliza mwandishi. Kwa jicho la binadamu alama ni ileile. Katika Unicode, mfumo unaoipa kila alama nambari yake, ya kwanza ni nambari 39 na ya pili ni 8217, alama mbili zisizojuana. Ng'ang'a aliyejiandikisha kwa simu ya namna hiyo hataonekana karani akimtafuta kwa kompyuta ya ofisini, na ataambiwa hayumo. Kulibaini kosa hili kunahitaji mtu anayezijua nambari hizo, na ambaye pia sikio lake linajua kuwa bila ritifaa ng'ombe si ng'ombe. Kwa hiyo natamani vijana wetu wengi zaidi waingie katika fani hii, kwani wanakuja na sikio ambalo vitabu vya kompyuta haviwezi kuwapa.

Ndugu unayeandika programu, iwe Mwanza, Nairobi au Toronto: kabla hujaifungulia umma fomu yako, jaza Ng'ang'a, jaza Ng'wanamalundi, jaza na O'Brien wa Ireland, maana shida hii ni yake pia. Tumia ritifaa zote mbili. Hifadhi, tafuta, chapa risiti. Jina likitoka tofauti na lilivyoingia, rudi ukasome upya ulichoandika.