Ukurasa ufanane pote, ao ufanye kazi pote?

Bandugu, kuko tabia moja ya watengenezaji wa kurasa za intaneti hapa kwetu Likasi ambayo napenda kuikosoa wazi. Mtu anamaliza kazi, anaifungua kwenye laptop yake, kwanza katika Chrome, kisha katika Firefox. Rangi ni zile zile, vitufe vina pembe za mviringo pote. Imeisha! Anamwonyesha shefu kwenye laptop ile ile, shefu anafurahi, analipa. Mwanafunzi wa Kikula ao Panda, mwenye simu ya bei ndogo na mega za kuhesabu, hakuna aliyemfikiria.

Mwanafunzi huyo njo mwenye kutumia Opera Mini. Kikiwa katika hali ya kubana data sana, kivinjari hiki hakijengi ukurasa ndani ya simu. Seva za Opera zinaufungua, zinaupunguza, kisha zinatuma matokeo. JavaScript inapewa sekunde chache kule kwenye seva, halafu inasimamishwa. Pembe za mviringo zinapotea, fonti za kupakua hazifiki.

Hayo peke yake haiko shida. Shida inaanza pale kitufe cha kutuma fomu kimechorwa kwa alama ya fonti, bila neno hata moja. Niliona ukurasa mmoja wa kujiandikisha wa namna hiyo: kwenye laptop maridadi, kwenye Opera Mini kisanduku kitupu. Unajaza majina, tarehe ya kuzaliwa, kila kitu, halafu hujui ubonyeze wapi. Na tarehe ya mwisho haikungoji. Ni kulipa saiba ao kulipa usafiri.

Utaniambia: lakini mteja anataka ufanane pote. Hata aliyebuni CSS, lugha ya kupanga sura za kurasa, hakuahidi hivyo. Tarehe 10 Oktoba 1994, Håkon Wium Lie, akiwa CERN, alitoa pendekezo lake la kwanza: sura ya ukurasa itokane na mapatano kati ya matakwa ya mwandishi na ya msomaji. Mtu huyo huyo njo alikuwa mkuu wa teknolojia wa Opera wakati kampuni ile ilipotoa Opera Mini. Tofauti ya sura ilikuwa ndani ya mpango tangu mwanzo.

Basi tugeuze utaratibu. HTML njo bukari: maneno, fomu, na kitufe halisi kilichoandikwa "Envoyer", fomu itumwe hata JavaScript ikilala. CSS njo mboga. JavaScript njo pilipili: ikikosekana, mtu bado anashiba.

Kabla ya kumwita shefu, mpe dada yako mdogo ile simu yake ya bei ndogo, ajaze fomu mpaka mwisho. Ikifika, hata kama sura imepungua, nenda udai malipo yako. Isipofika, kazi haijaisha.