Fukusi ndani ya punje

Mahindi hayajavunjwa bado shambani Merikit, mashariki mwa Uganda, na fukusi ameshaingia. Watu hulaumu gunia, au mchuuzi wa Malaba, mpakani na Kenya. Fukusi kaja kwa mbawa zake mwenyewe kutoka ghala la jirani, akatua kwenye hindi ambalo maganda yake hayakufunika ncha vizuri.

Ni mdudu wa milimita tatu hivi, mwenye mabaka manne mekundumekundu mgongoni. Wataalamu humwita Sitophilus zeamais. Kichwa chake kimechongoka mbele kikawa mkonga, na meno yako nchani mwa mkonga huo. Jike hutoboa punje polepole, tundu la kutosha yai moja tu. Kisha hugeuka, hutaga humo, na kuliziba tundu kwa ute unaokauka na kufanana na punje yenyewe. Ishike kiganjani, igeuzegeuze: huoni kitu. Hata wakaguzi wa nafaka iliwabidi waloweke punje kwenye rangi, vizibo vigeuke vyekundu, ndipo wavihesabu.

Humo ndani mna funza asiye na miguu. Miguu ya nini, naye amezungukwa na chakula? Kukiwa na joto, majuma matano hivi humtosha kutoka akiwa fukusi kamili. Na nafaka tupu haikidhi ujenzi wa gamba lake gumu. Kinachopungua hutengenezwa na bakteria aliowarithi kwa mama. Kwa fukusi wa mchele, nduguye aliyechunguzwa zaidi, gamba likishakomaa bakteria wa tumboni huyeyushwa, wakabakizwa wale wa kwenye ovari kwa ajili ya watoto. Shukrani ya punda, lakini hesabu imetimia.

Punje ndiyo humpimia umbo: aliyekulia kwenye mtama huwa mdogo kuliko wa mahindi. Kwenye wimbi ustadi wote huo unagonga mwamba, maana punje nzima haimtoshi funza kukulia. Wanaodhani Iteso, wenyeji wa huku, walithamini wimbi kwa ajili ya pombe ya ajon peke yake wamesahau ghala. Wimbi lililokauka vizuri hukaa miaka, likangoja njaa. Mahindi hugeuka unga kabla ya msimu mwingine.

Siku hizi mahindi ndiyo yanayouzika mpakani, kwa hiyo mkulima hununua mifuko isiyopitisha hewa. Inafaa, mradi nafaka iwe kavu na mfuko ufungwe barabara. Hewa ikipenya, jike huendelea kutaga.