Zoezi la Kusoma Hupimwa kwa Majibu Yake Yasiyo Sahihi

MCAT, mtihani wanaoufanya waombaji wa shule za udaktari nchini Marekani na Kanada, una sehemu nne, na moja kati ya hizo haina kemia wala baiolojia. Ni sehemu ya kusoma, CARS kwa kifupi: vifungu 9 vya habari, maswali 53, dakika 90. Vifungu huhusu falsafa, sanaa, historia, siasa na mengineyo, na hakuna swali linalodai maarifa ya nje ya kifungu. Kwa kuwa hakuna cha kukariri, mtahiniwa hukimbilia vitabu vya mazoezi, na wengi huvichagua kwa ugumu wa vifungu vyake: sentensi zikiwa ndefu na msamiati ukiwa mgeni, kitabu huaminika. Kigezo hicho si sahihi. Ugumu wa kifungu ni rahisi kuutengeneza. Kilicho kigumu ni kutunga majibu matatu yasiyo sahihi ambayo msomaji makini anaweza kuyakataa kwa sababu anayoionyesha kwa kidole.

Tuseme kifungu kinadai kwamba ujio wa kamera uliwafanya baadhi ya wachoraji waache kuiga sura za watu. Swali linauliza mwandishi angekubali nini. Jibu moja linasema kamera iliua uchoraji wa sura. Limevuka mipaka ya neno “baadhi”. La pili linasema uchoraji ni sanaa bora kuliko upigaji picha. Pengine msomaji anaamini hivyo, lakini kifungu hakijasema. La tatu linatumia maneno yaleyale ya kifungu, ila limegeuza chanzo kikawa matokeo. Kila kosa lina jina na lina mahali pake. Mtungaji mzembe huacha majibu mawili yanayoweza kutetewa, kisha huteua moja apendavyo. Mwanafunzi anayefanya mamia ya maswali ya namna hiyo hujifunza jambo baya kabisa: kuacha maandishi na kubahatisha yaliyo moyoni mwa mtungaji.

Hapa ndipo maswali ya AAMC, chama kinachoendesha mtihani wenyewe, yanapopata uzito. Ndani ya MCAT halisi huwamo maswali yasiyohesabiwa, yanayojaribiwa kwa watahiniwa kabla ya kutumika. Mchapishaji wa nje hana mtihani halisi wa kujaribia maswali yake. Kwa hiyo ya AAMC ndiyo rula, na mengine yote yapimwe kwayo.

Pingamizi lenye nguvu ni kwamba hayo ni machache. Makusanyo mawili ya maswali ya CARS yanayouzwa na chama hicho yana maswali 120 kila moja, na mwanafunzi mwenye bidii huyamaliza upesi. Ni kweli, lakini kuyamaliza si kuyatumia. Swali lililokwisha kujibiwa bado lina kazi: andika, kwa kila jibu ulilolikataa, neno au sentensi ya kifungu inayolikataa. Wengine hushauri kuacha mazoezi na kusoma insha na magazeti mazito. Kwa mtu ambaye Kiingereza ni lugha yake ya pili au ya tatu, ushauri huo una maana sana, kwani humzoesha mtiririko wa hoja za lugha hiyo. Hata hivyo gazeti halimlazimishi achague kati ya kauli mbili zinazofanana, na CARS inapima uchaguzi huo.

Basi kabla ya kulipia kitabu cha nje, chukua vifungu vyake vitatu na uvifanye bila saa. Pale jibu lako linapotofautiana na la kitabu, soma maelezo yake kisha urudi kwenye kifungu. Maelezo yakikuelekeza kwenye mstari fulani ukaona ulipoteleza, kitabu kinafaa, hasa kwa kujenga stahamala na kasi ya dakika 10 kwa kifungu. Yakisema tu kwamba jibu la kitabu “linafaa zaidi”, kirudishe.