Kiki, furu na ngoma za Bagika na Bagalu

Mwaka jana nilisimama kwenye mkutano wa mtaa mmoja huku kwetu Igoma nikaeleza kichocho kinavyompata mtu: konokono wa majini, vijidudu vinavyotoka kwake, na jinsi vinavyopenya ngozi ya anayeoga au kufua ziwani. Dakika kumi tu. Natoka nje, kijana mmoja akaniambia, "Dada, haya ungempa mwenyekiti ayaseme. Ukisimama mwenyewe, watu wanaona unatafuta kiki." Mkutano uliofuata nilikaa kimya.

Hoja hii unaijua: anayesema ndani ya kikundi ana nia njema, anayesimama kwa jina lake anataka sifa. Imenyamazisha wengi, kwa hiyo leo tuipime. Mimi naiona ina kasoro tatu.

Kwanza, inadhani barazani hakuna anayegombea macho ya watu. Hebu kaa kwenye kijiwe cha kahawa nusu saa tu. Yupo anayengoja wenzake wamalize ili neno la mwisho liwe lake. Yupo anayepinga kila kitu ili ajibiwe. Kikundi hakiondoi hamu ya kusikilizwa, kinaifunika tu.

Wasukuma hawakuifunika. Tangu karne ya 19 wacheza ngoma wamegawanyika katika vyama viwili, Bagika na Bagalu. Kwenye mashindano kila upande unacheza kwenye uwanja wake, kwa wakati mmoja, na watazamaji wako huru kuhama. Upande uliovuta umati mkubwa ndio mshindi. Nenda Bujora pale Kisesa mwezi Juni, wakati wa sherehe za Bulabo, utawaona: majembe yanarushwa juu, chatu wanazungushwa shingoni. Hakuna anayemuuliza mcheza ngoma kwa nini anataka kutazamwa.

Pili, hoja inaichukulia hamu ya kuonekana kama ugonjwa. Waangalie furu wetu wa Ghuba ya Mwanza. Kuna spishi mbili zinazokaribiana sana, Pundamilia pundamilia na Pundamilia nyererei, hii ya pili ikiwa na jina la Mwalimu. Madume wa kwanza ni wa bluu, wa pili wana mgongo mwekundu. Jike huchagua kwa rangi. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walionyesha kwamba pale maji ya ziwa yanapochafuka, rangi za furu hufifia na idadi ya spishi hupungua. Maabara nako, majike walipowekwa kwenye mwanga wa rangi ya chungwa unaoficha tofauti za madume, walishindwa kuwatofautisha. Samaki si mtu, na dume hana nia mbaya wala njema. Lakini funzo lipo: kilichoharibu uchaguzi si madume kujionyesha. Ni maji machafu.

Tatu, na hii ndiyo kubwa, hoja inauliza swali lisilosaidia. Inauliza "anataka nini?" badala ya "anachosema kinaweza kukaguliwa?" Hapa naikosoa ngoma pia. Umati ni kipimo kizuri cha mvuto, lakini anayechelewa kufika haoni mchezo kwanza, anaona migongo ya watu, na anakimbilia kwenye migongo mingi. Mwaka 2006 Salganik, Dodds na Watts walijaribu jambo hili kwa zaidi ya watu 14,000 waliosikiliza nyimbo wasizozijua. Walioonyeshwa idadi ya waliokwisha kuchukua kila wimbo walizidi kurundikana kwenye nyimbo chache, na ikawa vigumu zaidi kubashiri wimbo gani ungeshinda. Nyimbo mbovu kabisa hazikushinda mara nyingi, lakini nyingine nyingi zilitegemea sana bahati ya mwanzo.

Kwa hiyo yule kijana ana sehemu ya haki. Kiki ipo, na umati unaweza kudanganya. Ila dawa yake si kumwambia msemaji ajifiche nyuma ya mwenyekiti. Ukijificha, maji yanazidi kuchafuka: kama nimekosea kuhusu konokono, nani ataulizwa? Mwenyekiti atasema aliletewa karatasi. Ninaposema kwa jina langu, unajua nyumba ya kugonga hodi.

Nitakiri jambo moja. Nilipenda walivyonitazama siku ile. Nilipenda sana. Na konokono bado wapo ziwani, na watoto bado wanaoga. Mambo haya mawili yote ni kweli, na la kwanza halifuti la pili.

Mkutano ujao nitasimama tena. Wewe njoo na swali gumu.