Noti Moja Chini ya Majonzi: Camille na Albamu ya Le fil

Le fil, albamu ya pili ya mwimbaji Mfaransa Camille Dalmais, ilitoka mwaka 2005 na mwaka huohuo ikampatia tuzo ya Prix Constantin. Albamu nzima imejengwa juu ya noti moja. Ni noti ya B, ambayo Wafaransa huiita si. Inavuma tangu mwanzo, nyimbo zinapishana juu yake kwa maneno na kasi tofauti, nayo haikatiki. Hata wimbo wa mwisho ukiisha, inaendelea peke yake kwa dakika nyingi. Mvumo huo ndio uzi unaotajwa katika jina la albamu.

Mvumo wa kudumu ni mbinu kongwe. Zumari la mfuko la Waskoti linao, na tanpura ya India huundwa kwa kazi hiyo hasa. Kazi ngumu ni kutunga albamu nzima chini ya sharti hilo, kwa sababu noti ileile hubadilika tabia kila ufunguo unapobadilika. Katika ufunguo wa E, B ni noti ya tano, imara, yenye kubeba wimbo. Katika G ni ya tatu, na husikika tamu. Katika C ni ya saba: inasumbua sikio, kwani inataka kupanda nusu hatua ndipo itulie. Mtunzi aliyejifunga hivyo hawezi kuhama ovyo. Sauti ya chini haimfuati mwimbaji katika furaha wala majonzi yake, kwa hiyo hisia zote hutegemea sauti ya juu inavyoikaribia noti hiyo au kuikimbia.

Karibu kila kinachosikika juu ya uzi huo kimetoka mwilini mwa Camille. Akiwa na mtayarishaji Mwingereza, MaJiKer, alirekodi sauti yake tabaka juu ya tabaka: besi, ngoma za mdomo, pumzi, viitikio. Besi kubwa ya nyuzi na kinanda huingia hapa na pale tu.

Mfano bora ni "Ta douleur", wimbo wa mtu anayetaka kumwondolea mwenzake maumivu. Mtunzi mwingine angelia. Camille anapiga mdundo kwa midomo na koo, sauti zinarukiana, na kuelekea mwisho maneno yanapisha midomo inayopuliza na kububujika kama ya mtoto mchanga. Maumivu yanafukuzwa kwa mchezo, na aliyewahi kumuuguza mtu anajua kwamba mchezo huo si dharau hata kidogo.

"Pour que l'amour me quitte" unakwenda upande wa pili. Mwendo ni wa taratibu, mapambo yamepunguzwa, na sauti imerekodiwa kwa ukaribu unaomfanya msikilizaji asikie pumzi kabla ya neno. Hapo ndipo usanifu wa albamu unapozaa matunda kuliko popote: mwimbaji anaomba mapenzi yamwache, na chini yake kuna noti isiyokubali kuondoka.